Hisa za Kabanga na sinema za kibanda umiza

Swali: Kibandani hapa Ngara tumeonyeshwa filamu za matajiri wa hisa, kila mmoja na simu mbili, makelele tupu. Nasikia nikeli yetu ya Kabanga nayo inauzwa New York. Ndiyo hivyo?

Jibu: Nikeli yenyewe bado iko ardhini, ndugu yangu. Kinachouzwa New York ni hisa za Lifezone Metals, iliyoingia sokoni huko Julai 2023. Ndiyo mbia mkubwa wa Tembo Nickel, kampuni yenye mradi wa Kabanga. Serikali yetu ina asilimia 16 humo. Makelele nayo yamepungua, kompyuta ndizo zinazouziana.

Kwa filamu za hisa, The Wolf of Wall Street iache, ulevi mwingi. Tafuta Gold ya 2016. Imechota kisa cha Bre-X, kampuni ya Kanada iliyotangaza mlima wa dhahabu Indonesia. Sampuli za mwamba zilisagwa, zikachanganywa kwa siri na dhahabu ya mtoni. Hisa zikapaa, zikaporomoka 1997. Wakaguzi walikuta punje za mviringo, zilizosuguliwa na maji. Mchimbaji mdogo wa Biharamulo angeuliza mapema: dhahabu ya mwambani imekosaje kingo?