Kufungua Chesi Bila Kukariri

Ukipita kwenye vimbweta jioni utakuta ubao wa chesi mezani, na pembeni yake simu iliyofunguliwa video ya "jinsi ya kushinda kwa hatua nne". Watu wanakariri. Hatua ya kwanza hii, ya pili ile, wakimaliza wanahamia video nyingine, kama tunavyodesa usiku wa kuamkia UE. Kisha mpinzani anacheza hatua ambayo haikuwemo kwenye video, na jamaa anabaki anakodoa macho.

Somo hili ni kwa wanaojua tayari kila kete inavyotembea ila wanakwama kwenye hatua kumi za mwanzo. Nimelijaribu Bagamoyo, na siyo Bagamoyo ya Pwani. Nasema kata ya Bagamoyo iliyopo mjini Tukuyu, wilaya ya Rungwe, nilikokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Kule mvua ikishika hakuna cha michezo ya uwanjani, kwa hiyo baada ya vipindi tulibaki darasani na wanafunzi wa kidato cha pili, ubao wa drafti, na vizibo vya soda tulivyoviandikia kwa kalamu: F farasi, N ngome, na kuendelea. Ubao wa drafti una miraba 64, sawasawa na wa chesi. Anayelalamika hana vifaa amkumbuke Phiona Mutesi, binti wa Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende na mwaka 2012 akapata cheo cha kimataifa kwenye Olimpiadi ya chesi huko Istanbul.

Kwanza anwani. Safu za wima zinaitwa a mpaka h kutoka kushoto kwa mweupe, na za mlalo 1 mpaka 8 kuanzia upande wake. Basi e4 ni pale askari aliye mbele ya mfalme mweupe anapofika akiruka miraba miwili.

Mweupe ana hatua 20 anazoweza kuanza nazo. Mweusi akijibu mara moja tu, tayari kuna mipangilio 400 inayowezekana. Kukariri yote haiwezekani, na wala hakuna haja, maana kazi ya ufunguzi ni ile ile kila siku: shika katikati (d4, e4, d5, e5), toa farasi na maaskofu nje, mfiche mfalme pembeni. Wanafunzi wangu walilielewa hili haraka kupitia bao. Kwenye bao la kiswahili kila mchezaji anaanza na kete 32: sita kwenye nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili, na 22 mkononi. Wakati wa namua mchezaji mzuri hasomi orodha kichwani. Anajua nyumba yake ikiliwa mapema akiba imekwenda, basi kila kete anayoitia anaipima kwa hilo.

Sasa tuuchukue ule mtego wa hatua nne. Mweupe anacheza e4, mweusi e5. Malkia mweupe anatoka mbio mpaka h5, baadaye askofu anakuja c4, na wote wawili wanaikodolea f7, mraba ambao mwanzoni unalindwa na mfalme peke yake. Malkia akila pale huku askofu akimlinda, mchezo umeisha.

Dawa yake inajulikana: askari wa g asogee mpaka g6, amfukuze malkia na kuziba njia. Lakini lini? Hapa ndipo mkariri anapoumia. Malkia akishatua h5 anamtishia pia askari wa e5. Ukicheza g6 papo hapo, malkia anakula e5, anamtishia mfalme na wakati huo huo anaitazama ngome yako ya h8, kwa sababu wewe mwenyewe umefungua njia kwa kumwondoa askari wa g. Ngome imeliwa. Ukianza na farasi kwenda c6, e5 inapata mlinzi. Askofu akija c4, sasa g6 ni hatua nzuri kabisa. Malkia akirudi f3 kutishia tena, farasi wako wa pili anatoka f6 na kuziba. Hesabu: wewe una farasi wawili nje, yeye malkia wake amehama mara mbili na amekalia f3, mraba ambao farasi wake aliuhitaji. Hatua moja, g6, ni sumu mara ya pili na ni dawa mara ya tatu. Video ya sekunde thelathini haikuambii hilo.

Ukishauelewa huo, ufunguzi wa Kiitaliano unakuja wenyewe. e4, e5, farasi f3, anatishia e5, farasi c6, anailinda, askofu c4, anaitazama f7 ile ile, ila safari hii bila papara ya malkia. Mweupe yuko tayari kumficha mfalme: mfalme anahama miraba miwili kuelekea ngome, ngome inaruka na kukaa upande wake wa pili.

Ufunguzi wa Kihispania unatofautiana hapo mwisho tu: askofu anakwenda b5, kumkaba farasi anayelinda e5. Umebeba pia jina la Ruy López, padri wa Kihispania aliyechapisha kitabu cha chesi mwaka 1561. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, si amle tu huyo farasi, halafu achukue e5 bure?" Swali zuri kuliko video nyingi. Tukapanga vizibo. Mweusi anacheza a6, askofu anamla farasi c6, askari wa d analipiza, farasi mweupe anakula e5. Inaonekana faida. Ila askari wa d ameshaondoka njiani, malkia mweusi anatoka mpaka d4 na kutishia viwili kwa pamoja, farasi wa e5 na askari wa e4. Farasi akikimbia, askari analiwa, deni limelipwa. Darasa zima lilinyamaza, kisha wakaanza kubishana.

Kwa sisi wa elimu kuna utafiti unaohusu hili moja kwa moja. William Chase na Herbert Simon, mwaka 1973, waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde tano na kuwataka waupange upya. Bingwa alimwacha mbali anayeanza. Kete zilipotawanywa ovyo ovyo, bila mantiki ya mchezo, ubingwa haukumsaidia tena. Alichokuwa anakumbuka ni maana, kete kwa makundi yake.

Funguzi nyingine zitangoja. Ule wa Kisisilia, mweusi akijibu e4 kwa c5, una matawi mengi na simshauri anayeanza. Ule wa malkia, d4, d5, kisha c4, unaonekana kama zawadi ya askari, lakini mweusi akimla na kumng'ang'ania kwa b5, mweupe anamvunja kwa a4.

Kwa muhula huu chagua mmoja wa kuanzia, Kiitaliano kinatosha, na jibu moja la e5 ukiwa mweusi. Andika hatua zako kwenye daftari. Baada ya mchezo usitafute ulipofungwa. Rudi juu utafute hatua ya kwanza ambayo huwezi kumweleza mwenzako kwa nini uliicheza, izungushie duara, na kesho yake mpange ubao kuanzia hapo, mbadilishane rangi.