Dondoo muhimu: Linda banda la kuku kuanzia chini

Nguchiro, panya buku na mbwa hawahitaji mlango. Katika udongo wa kichanga wa Bujumbura, karibu na Ziwa Tanganyika, huchimba upesi. Usitegemee ukuta mrefu. Mchimbaji huanzia pale ukuta unapokutana na ardhi, kwa hiyo laza wavu bapa nje ya banda, upana wa sentimita 50, uufunge kwenye ukuta na kuufunika kwa udongo. Mnyama hukwaruza, kucha zinagonga waya, wala hafikirii kurudi nyuma nusu mita aanze upya. Chagua waya mgumu wenye matundu ya milimita 13. Ule mwembamba mbwa huuchana, na matundu mapana hupitisha panya.

Utasema wavu ni ghali. Ni kweli, basi panga matofali yaliyovunjika na mawe mazito kuzunguka banda, ukianza na kizingiti cha mlango, maana hapo ndipo wengi husahau. Wengine huona sumu ni rahisi zaidi. Usiiweke kabisa: uani wanacheza watoto, na kuku hudonoa chochote.

Mvua hulainisha udongo, kwa hiyo kagua msingi kila inaponyesha. Jua huzama karibu saa 12 jioni mwaka mzima. Kabla ya hapo hesabu kuku, zoa mabaki ya chakula, funga komeo. Ukiona udongo mbichi umefukuliwa asubuhi, ziba shimo siku hiyohiyo: aliyelichimba atarudi usiku.