Buibui Mdogo wa Mbita: Jinsi Spishi Mpya Inavyotambuliwa na Kupewa Jina

Mwaka wa 2003, jarida la sayansi linalochapishwa Poland lilitoa maelezo ya buibui mdogo aliyepatikana Mbita Point, hapa Kaunti ya Homa Bay. Urefu wa mwili wake ni milimita 5 hivi, karibu sawa na punje ya mchele. Walioandika maelezo hayo ni Wanda Wesołowska, mtaalamu wa buibui kutoka Poland, na Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand. Walimpa jina Evarcha culicivora.

Wakazi wa kando ya ziwa wameishi na buibui huyu miaka mingi, kwenye kuta za nyumba na vigogo vya miti. Hata hivyo, kabla ya mwaka huo hakuwa na jina katika sayansi. Somo la toleo hili linaeleza jinsi jina kama hilo linavyopatikana, na kwa nini linatuhusu sisi tunaoishi katika eneo lenye malaria nyingi.

Spishi mpya ni nini?

Kusema spishi ni mpya hakumaanishi kwamba imezaliwa juzi. Maana yake ni kwamba hakuna aliyewahi kuieleza kwa utaratibu unaokubalika na wanasayansi duniani. Kufikia mwaka wa 2022, orodha ya dunia ya buibui, inayotunzwa jijini Bern, Uswisi, ilikuwa imefikisha spishi 50,000. Wengi bado hawajaandikwa, hasa wale wadogo wanaoishi katika nchi za joto.

Hatua tano za kumtambua

1. Kukusanya. Mtafiti hukusanya buibui kadhaa, dume na jike, na kuwahifadhi ndani ya chupa zenye spiriti. Kila chupa huwekwa karatasi yenye mahali, tarehe na jina la aliyekusanya. Sampuli isiyo na maelezo hayo haina thamani kubwa kwa sayansi.

2. Kujua familia. Buibui si mdudu: ana miguu minane na mwili wenye sehemu mbili, ilhali mdudu ana miguu sita na mwili wenye sehemu tatu. Kisha mtafiti hutazama mpangilio wa macho. Huyu wa Mbita ana macho manne yaliyopangwa mbele, mawili ya katikati yakiwa makubwa kama taa za gari. Hiyo ni alama ya buibui warukaji, ambao hunyemelea windo na kulirukia badala ya kulitegea utando.

3. Kuchunguza viungo vya uzazi. Hapa ndipo penye uamuzi. Rangi hudanganya, kwa kuwa hubadilika kwa umri na hufifia ndani ya spiriti. Viungo vya uzazi vina umbo la pekee katika kila spishi. Dume hutumia vipapasio viwili vilivyo karibu na mdomo kumpa jike mbegu, naye jike ana kibamba kigumu chini ya tumbo. Mtafiti huvichora akitumia hadubini, kisha hulinganisha michoro hiyo na ya spishi zote za karibu. Ndiyo maana buibui mchanga ambaye hajakomaa ni vigumu kumtambua. Siku hizi vipimo vya DNA husaidia, lakini michoro bado inahitajika.

4. Kuteua sampuli-kielelezo. Buibui mmoja huchaguliwa kuwa kipimo cha jina hilo daima, na huhifadhiwa katika makavazi au taasisi nyingine ya utafiti. Mtu akiwa na shaka baada ya miaka hamsini, atarudi kwa sampuli hiyo na kulinganisha.

5. Kumpa jina na kuchapisha. Jina huwa na maneno mawili, kwa kufuata kanuni za kimataifa. La kwanza ni la kundi, kama jina la ukoo. La pili ni la spishi yenyewe. Culicivora limetokana na Kilatini, na maana yake ni mla mbu. Jina huanza kutambuliwa likishachapishwa pamoja na maelezo.

Jina lilifungua mlango gani?

Buibui akishakuwa na jina, watafiti wa Kenya na wa ng'ambo huwa na hakika kwamba wanazungumzia kiumbe yuleyule. Mwaka wa 2005, Jackson akishirikiana na Ximena Nelson na Godfrey Sune alichapisha matokeo ya majaribio yaliyolitangaza jina la Mbita duniani. Buibui huyu alipopewa nafasi ya kuchagua, alimpendelea mbu jike aliyeshiba damu kuliko mbu dume, kuliko mbu jike aliyekula sukari, na hata kuliko wale wadudu wa ziwani wanaotanda kwenye taa zetu kama moshi. Humtambua mbu huyo kwa macho, na pia kwa harufu pekee.

Watafiti walibaini pia kwamba buibui wachanga wana mbinu maalumu dhidi ya mbu aina ya anofelesi, anayeeneza malaria. Mbu huyo akitua huinua sehemu ya nyuma ya mwili wake. Buibui mchanga humzunguka, humwendea kwa nyuma, huingia chini ya tumbo lililoinuliwa na kumshambulia kutoka hapo. Mwaka wa 2011, utafiti mwingine ulionyesha kwamba buibui hawa huvutiwa na harufu ya soksi iliyovaliwa na binadamu kuliko soksi safi. Palipo na harufu ya mtu, mbu aliyeshiba damu hayuko mbali.

Hanyonyi damu ya mtu

Kuna wanaomwita buibui mnyonya damu, na jina hilo limewatia watu hofu. Damu anayoipata hutoka ndani ya mbu. Hana mdomo wa kutoboa ngozi na kunyonya kama mbu afanyavyo. Ukimwona ukutani, hana haja nawe; anawinda.

Pamoja na hayo, buibui si kinga ya malaria. Humkamata mbu ambaye tayari ameuma mtu, na hakuna idadi ya buibui inayoweza kuchukua nafasi ya chandarua chenye dawa. Endelea kulala ndani ya chandarua kila usiku, na ukiwa na homa nenda ukapimwe katika kituo cha afya au umwone mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chako.

Mkazi afanye nini?

Ukimwona buibui mdogo mwenye macho makubwa na uso mwekundu, mwache aendelee na kazi yake. Ukitaka kujifunza, mpige picha mbele na juu, weka sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, na uandike mahali na tarehe. Walimu wa sayansi wanaweza kulifanya hili kuwa zoezi la darasani: wanafunzi wahesabu miguu, sehemu za mwili na macho, kisha wachore wanachokiona badala ya wanachokidhani.

Anayetaka kukusanya wanyama kwa utafiti lazima awe na leseni ya NACOSTI na kibali cha mamlaka husika ya wanyamapori. Mgeni akija kijijini kukusanya viumbe, wakazi wana haki ya kumuuliza stakabadhi hizo kabla ya kumwonyesha njia. Viumbe vya kaunti hii ni mali yetu sote, hata wale wasiozidi punje ya mchele.