Mtu wa Moshi Akienda Kuzamia Zanzibar, Apange Kurudi Kwanza

Wageni wanaofika Moshi huuliza sana: waanze na mlima au bahari? Anza na mlima. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu naishi huku juu, na kila nikitoka kuzamia Zanzibar nahesabu saa kabla ya kupanda basi la kurudi nyumbani.

Ninakopenda kuzamia ni kwenye Great Northern, meli ya Waingereza iliyokuwa ikitandaza nyaya za telegrafu chini ya bahari. Iliundwa 1870, ikakwama kwenye mwamba nje ya mji wa Zanzibar na kuzama 1902. Kina chake ni kama mita 12 tu, kwa hiyo jua linaifikia, na aliyemaliza kozi ya awali, inayomruhusu kufika mita 18, anaimudu vizuri. Kozi yenyewe ni ya siku tatu au nne. Kuna fomu ya afya: pumu, moyo, masikio. Jaza ukweli.

Mimi siku ya kwanza nilificha mafua, nikiogopa kuachwa. Hata mita tatu sikufika, sikio la kushoto likauma kama linachomwa mwiba. Tuliporudi botini mwalimu alinieleza kwa upole, "Kaka, sikio huzibuliwa kabla halijauma." Bana pua, mdomo umefungwa, sukuma hewa taratibu mpaka usikie masikio yamefunguka, na rudia kila unaposhuka kidogo. Yakigoma, panda kidogo ujaribu tena. Yakizidi kugoma, siku hiyo imekwisha. Ukiwa na mafua, baki ufukweni.

Ukishuka vizuri utaona kwanza kivuli, kisha kivuli kinakuwa mbavu za chuma. Kuna bamba moja ambalo huwa sichoki kulitazama: kutu haionekani tena, matumbawe yamelifunika lote, mengine ya zambarau, mengine kama uyoga uliopangwa tabaka juu ya tabaka. Kwenye tundu lililo chini yake nilimkuta mkunga akifungua na kufunga mdomo. Mtu hudhani anatisha watu, kumbe anapumua. Mchangani alilala taa mwenye madoa ya bluu. Usiguse chochote. Chuma kinakata, na tumbawe unalolivunja kwa pezi moja limechukua miaka mingi kukua. Jifunze kuelea kwa pumzi zako: ukivuta hewa unapanda kidogo, ukitoa unashuka. Ila usibane pumzi kamwe, maana hewa iliyofungiwa mapafuni hutanuka unapopanda na inaweza kuyapasua.

Kupanda ni pole pole, neno lile lile waongozaji wetu wanalowaambia wapanda mlima. Usizidi mita 9 kwa dakika, na ukifika mita 5 tulia dakika tatu.

Sasa safari ya kurudi. Chukua pakiti ya krispi iliyofungwa Moshi mjini, ipandishe mpaka kambi ya Horombo mlimani, mita 3,720: inavimba, kwa sababu hewa ya nje haiibani tena. Mwili wa mzamiaji nao umebeba naitrojeni iliyoingia damuni kwa mgandamizo wa maji, ambao kwenye mita 10 tu tayari ni mara mbili ya ule wa ufukweni. Ukipanda juu upesi, naitrojeni hiyo hutoka kama vipovu ndani ya mwili. Viungo huuma, miguu hufa ganzi, na wengine hupooza.

Kanuni ya wazamiaji ni kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege ukiwa umezamia mara moja, na angalau saa 18 ukiwa umezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Mimi nasubiri 24, hata kama narudi kwa basi. Watu husahau kwamba barabara nayo inapanda: Moshi mjini ni zaidi ya mita 800 juu ya bahari, na kwetu Marangu ni juu zaidi. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa ufukweni. Ndiyo maana mlima hutangulia.

Kwa hiyo kabla hujalipia boti, panga siku ya kuondoka. Siku inayofuata kuzamia kwako kwa mwisho ibaki tupu, tembea Mji Mkongwe, kula Forodhani, kunywa maji mengi. Na ukihisi maumivu ya viungo au ganzi, usipande basi: nenda hospitali hapo hapo, uwaambie kwamba umetoka kuzamia.