Tubane Maji, Tusibane Kunawa

Ukitoka Nanganga, kwenye bonde la mto Lukuledi, ukapanda Newala, unakuta ardhi ya kichanga. Mvua ikinyesha, maji yanazama chini kabisa na kutokea tena kwenye chemchemi za mabondeni. Ndiyo maana tangu enzi za mkoloni maji ya huko juu hupandishwa kwa pampu. Pampu ikisimama, kinamama wanashika ndoo.

Maji yakiadimika, nyumba nyingi huanza kubana pasipostahili. Mikono hainawiwi, watoto wanakaa na matongotongo mpaka mchana, kisha kuhara na vikope vinazunguka nyumba nzima. Kunawa hakuli maji mengi. Toboa tundu dogo kwenye dumu la lita 5, litundike, lifunge kamba na kijiti cha kukanyagia, sabuni ining'inie pembeni: hicho ni kibuyu chirizi. Kiweke karibu na choo. Mtoto anakanyaga, maji yanachirizika kidogo, uso na mikono vinatakata.

Pa kubana ni kwenye kufua. Maji ya kusuuzia yalowekee nguo nyingine, kisha yadekie au yamwagwe chooni. Ya kuoshea mchele yapelekwe kwenye mchicha. Ya kufulia nepi yaende chooni tu, yasiguse mboga.

Paa nalo ni kisima. Bati la mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linakupa karibu lita 400 hata ukitoa yanayopotea. Hizo ni ndoo 20 ambazo hakuna aliyezibeba kichwani. Lakini huku kwetu kwenye mikorosho, salfa tunayopuliza kiangazi hutua pia juu ya bati, pamoja na vinyesi vya ndege na mijusi. Kwa hiyo mvua ya kwanza ya msimu iachie ioshe paa na mifereji, usiikinge. Baada ya hapo, kila mvua inapoanza, mwaga kwanza yale yanayotangulia.

Pipa lifunikwe vizuri, kwani mbu wa homa ya dengue hupenda kutaga humo. Chota kwa kata yenye mpini mrefu, na ya kunywa yachemshwe.

Mtoto akiharisha, usipime maji kwa uchoyo. Nawa mikono, changanya pakiti ya ORS na kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, mnyweshe kidogo kidogo, na yakibaki hadi kesho yake, mwaga. Akilegea au akishindwa kunywa, mpeleke zahanati mara moja.