Mfarishi wa Vipande Vyembamba: Namna ya Kushona, Namna ya Kuazimana Mawazo

Chini ya meza ya fundi cherehani yeyote pana kiroba cha mabaki ya kitenge. Vipande vikubwa hupata kazi: mfuko wa gauni, kitambaa cha kichwa, kiraka. Vile vya upana wa vidole viwili huishia jalalani. Somo hili linawahusu hao wa mwisho. Kuna aina nzima ya mfarishi, yaani lile blanketi la tabaka tatu linaloungwa kwa vipande vya nguo, ambayo uso wake wote hutoka kwenye vipande vyembamba hivyo hivyo, na uzuri ni kwamba hata mwanachuo anayesubiri boom anaweza kuanza kesho.

Osha vipande kwanza, maana kitenge chekundu kikichuja kitaharibu kazi ya mwezi mzima. Vitie ndani ya foronya, ifunge mdomo, la sivyo vitasokotana kama tambi. Kisha tafuta shuka kuukuu ukate miraba ya sentimita 25 kwa 25. Huo ndio msingi. Laza kipande cha kwanza kutoka pembe hadi pembe ya mraba, uso wake ukiangalia juu. Cha pili kilaze juu yake uso kwa uso, kingo zao za upande mmoja zikilingana. Shona kupita vyote viwili pamoja na msingi, milimita 6 kutoka ukingoni. Funua cha pili, piga pasi, leta cha tatu. Ukifika mwisho wa pembe, rudi katikati uujaze upande wa pili. Halafu geuza mraba kifudifudi na ukate kila kinachozidi msingi.

Basi. Hakuna hesabu ya kutisha hapo. Vipande vinaweza kuwa vimekatwa upogo, kimoja kizito na kingine chepesi, na msingi utavishika vyote visivutike. Watu wa zamani walitumia hata gazeti badala ya shuka: unashona kwa hatua fupi fupi ili sindano itoboe karatasi vizuri, na ukimaliza unaichana na kuitoa. Mimi napendelea shuka. Wino wa gazeti huchafua vitambaa vyeupe, na kuchana karatasi kwenye miraba 48 ni adhabu.

Kwa nini 48? Sita kwa upana na minane kwa urefu, ukitoa milimita zinazoliwa na mishono, inakupa takriban sentimita 143 kwa 190. Kitanda cha hosteli kinafunikwa na pembeni panabaki pa kuning'inia. Ukianza kila mraba kwa kipande cha katikati chenye rangi ile ile, miraba minne ikikutana utaona almasi imejitokeza yenyewe. Tabaka la kati si lazima liwe pamba ya dukani. Blanketi chakavu linatosha. Piga bandi tabaka zote tatu, kisha zishone pamoja kwa mkono.

Ukitaka kuona kazi hii ilipofikia, tazama Gee's Bend, kijiji cha Alabama nchini Marekani kilichozungukwa na mto pande tatu. Wakazi wengi ni vizazi vya watumwa, na wengi bado wanaitwa Pettway, jina la aliyekuwa mwenye shamba. Mwaka 1962, Weusi walipoanza kudai kujiandikisha kupiga kura, huduma ya feri ilikatwa. Haikurudi mpaka 2006. Humo wanawake walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochakaa na magunia, kwa sababu nyumba zilikuwa baridi. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika, Freedom Quilting Bee. Mwaka 1972 ushirika ulipata mkataba wa kushonea kampuni ya Sears foronya za kodrai, zote sawasawa. Mabaki ya kodrai hiyo yalikwenda majumbani, na huko yakazaa mifarishi ambayo hakuna miwili inayofanana. Mwaka 2002 kazi za kijiji hicho zilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha Whitney, New York. Mwaka 2006 zikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani.

Wanawake wale waliazimana mawazo bila urasimu. Mifarishi ilianikwa nje, jirani akipita akaitazama, akarudi kwake kushona ya kwake. Hakuna aliyeita huo wizi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akitazama na akitazamwa. Washonaji wa mtindo wa kisasa, ambao mwaka 2009 walianzisha Modern Quilt Guild huko Los Angeles, wanapenda kusema wanaendeleza roho hiyo hiyo, na wengi wao wanaitaja Gee's Bend kama chemchemi yao. Sawa. Ila kamba ya kuanikia nguo ya kijijini si sawa na duka. Michoro ya wanawake hao ilipoanza kuchapwa kwenye bidhaa, swali la nani anakula lilizuka: mwaka 2007 baadhi yao walikwenda mahakamani kudai haki zao, na kesi zikamalizwa kwa maelewano mwaka uliofuata.

Kwa maoni yangu, mpaka uko hapo. Kutazama mfarishi wa mwenzio na kujaribu mpangilio wake kwa ajili ya kitanda chako ni masomo. Kuunakili mstari kwa mstari, ukauuza kwenye maonyesho ya chuo bila kumtaja wala kumwuliza, huko ni kumla mtu. Hata fundi wa kiroba yumo katika hesabu hii: kabla ya kubeba mabaki "ya bure", muulize kama huwa anawauzia wajaza mito. Kama anauza, mlipe bei hiyo hiyo.

Ukimaliza, chukua kipande cheupe, andika kwa kalamu ya wino usiofutika jina lako, mwaka, mabaki yalikotoka na aliyekupa wazo. Kishone kwa mkono nyuma, pembe ya chini, na upige pasi ya moto wino ushike.