Vitabu Sandukuni: Somo kwa Wazazi

Masomo: Matendo 8:26-40, 2 Timotheo 1:5, 3:14-15, 4:13



Kahawa ikiisha kuuzwa, nyumba nyingi za Karagwe hushika fedha kidogo, na kila shilingi ina mdai wake: bati, dawa, sare za shule. Basi na tumfikirie baba mmoja wa Ihembe aliyetenga sehemu ya fedha hizo, akaenda Kayanga, akarudi na Biblia, Katekisimo Ndogo, kitabu cha nyimbo Mwimbieni Bwana, kamusi, na kitabu cha hadithi za watoto. Amefanya vema. Hata Mtume Paulo kifungoni alimwagiza Timotheo amletee joho lake pamoja na vitabu vyake. Baridi haikumsahaulisha kusoma.

Walakini tuulize: vitabu vile vya baba wa Ihembe viko wapi sasa? Viko sandukuni, chini ya kufuli, watoto wasije wakavichafua. Mgeni akija, baba husema, “Sisi tuna vitabu.” Kweli anavyo, ila watu wa nyumba yake hawavijui. Kitabu kilichochafuliwa na vidole vya watoto kimefanya kazi yake. Kilichofungiwa kimewaandalia mchwa karamu tu.

1. Kuwa na kitabu si kukielewa

Yule Mkushi, mtunza hazina wa malkia Kandake, alikuwa na chuo cha nabii Isaya mkononi, naye alikuwa akikisoma. Filipo alipomwuliza kama anaelewa, alikiri kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza. Angalieni alivyofanya Filipo. Hakumfundisha akiwa amesimama njiani, bali alipanda garini, akaketi pamoja naye, akaanza na maneno yale yale aliyokuwa akiyasoma. Kazi ya mzazi ni hiyo hiyo: kuketi na mtoto penye kitabu.

2. Kazi hii ni ya nyumbani

Mwaka 1528 Martin Luther alipozuru makanisa ya Saxony, alihuzunika kuona Wakristo wengi hawajui hata mambo ya kwanza ya imani. Mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, na juu ya sehemu zake aliandika kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba awafundishe watu wake kwa njia nyepesi. Basi kitabu hiki si cha mchungaji peke yake. Timotheo naye alijua Maandiko tangu utoto, na imani yake ilikuwa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

3. Asiyesoma vizuri asione haya

Labda sababu ya kufuli lile si uchafu. Labda baba husoma polepole, kwa kufuata maneno kwa kidole, na mwanawe wa darasa la tano humpita. Anaogopa kuchekwa nyumbani kwake mwenyewe. Ndugu, kama ni hivyo kwako, usiogope. Mwache mtoto asome, nawe umweleze kwa Kinyambo. Mtoto ana macho mepesi, nawe una miaka. Yeye atasoma habari za kondoo aliyepotea. Wewe ndiwe uliyewahi kutafuta mnyama gizani, ukajua moyo wa mchungaji yule. Mkikuta neno msilolijua ninyi nyote wawili, fungueni kamusi pamoja. Mtoto akiona baba yake angali anajifunza, hatamdharau. Atajua kwamba kujifunza hakuna mwisho.

4. Jinsi ya kuanza

Chagueni jioni mbili au tatu za juma, baada ya chakula. Someni aya chache, kwani mtoto aliyechoka hasikii. Ulizeni swali moja tu, mkasikilize jibu. Kiswahili cha Biblia ya mwaka 1952 kikiwa kigumu, mtoto aseme habari ile kwa maneno yake mwenyewe. Kisha imbeni. Mkiimba “Mfurahini, Haleluya”, waambieni watoto kwamba maneno yake yaliandikwa mwaka 1966 na Mtanzania, Bernard Kyamanywa, mchungaji wa Kilutheri, na kwamba leo Walutheri wa Marekani nao huuimba kwa lugha yao. Hivyo watajua kwamba vitabu havitoki ng'ambo tu. Mwisho, kitabu cha hadithi nacho kisomwe. Furaha ya watoto si dhambi.

Maswali kwa vikundi vya wazazi

1. Katika nyumba yako, ni kitabu gani hakijafunguliwa tangu kinunuliwe? Kwa nini?
2. Filipo alifanya nini kabla ya kufundisha?
3. Mama asiyejua kusoma aweza kufanya nini watoto wake wanaposoma?
4. Nyumba isiyoweza kununua hata kitabu kimoja, jirani mwenye vitabu aisaidieje?

Ndugu, fedha ya kahawa mmeitoa tayari. Sasa toeni na jioni zenu, mkalifungue sanduku. Bwana awabariki ninyi na watoto wenu.